Jinsi ya kufunga hedi ya injini ya turbo ya mbio za drag isinyanyuke

Gari likirudi gereji Changamwe limetema maji baada ya kukimbizwa robo maili ya mbio za drag, yaani mbio za mstari mnyoofu, neno la kwanza utakalolisikia ni "gasketi imeungua". Inanunuliwa gasketi nyingine ya bei kubwa zaidi, inalazwa juu ya uso uleule, inakazwa kwa boliti zilezile, na busti, yaani shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo, inarudishwa palepale. Haichukui muda, maji yanatoka tena. Mwenye gari anaanza kuilaumu chapa ya gasketi, wakati mara nyingi gasketi hiyo haina kosa. Kazi yake ni kuziba pengo kati ya hedi, kifuniko cha juu cha silinda, na bloki, mwili wa injini wenye silinda, pengo ambalo stadi, yaani vyuma vyenye nyuzi vinavyofunga hedi, zimelibana. Pengo likifunguka, hakuna gasketi duniani itakayoziba.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi wenyewe: kwanza uso ambao hedi na bloki hukutania, halafu stadi, kisha gasketi, na mwisho mafuta na taimingi, yaani wakati cheche inapowasha. Ukiruka hatua moja, zinazofuata zinakuwa hasara.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza yote. Chukua injini ya 2JZ ya Toyota, silinda yenye kipenyo cha milimita 86. Eneo la duara hilo ni sentimita za mraba 58. Injini yenye busti ya bar 2 na zaidi inaweza kupitisha bar 100 ndani ya silinda wakati wa mwako, na kwa bar 100 hedi inasukumwa juu kwa karibu tani 6. Kwa bar 150 ni karibu tani 9. Hiyo ni silinda moja tu, tena kila mara inapowaka. Kwa EJ25 ya Subaru, yenye kipenyo cha milimita 99.5, bar 100 zinatoa karibu tani 8, kwa sababu eneo ni kubwa zaidi.

Upande wa pili kuna stadi. Stadi ya milimita 11 ya chuma kizuri cha mbio, ikikazwa hadi kama robo tatu ya kiwango ambacho chuma huanza kurefuka bila kurudi, hubana kwa takriban tani 7. 2JZ ina 14, kwa hiyo jumla ni tani 98, na mgao wa kila silinda ni tani 16 hivi. Ondoa tani 9 za mwako, zinabaki 7 za kuibana gasketi. Inaonekana ni akiba ya kutosha. Lakini hesabu hiyo inakubali tu kama kila stadi imekazwa sawa, kama uso umenyooka, na kama mwako unakwenda kwa utaratibu. Noki ikiingia, yaani mafuta yakilipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, shinikizo hupanda ghafla kama pigo la nyundo, na akiba yote huisha mara moja.

Isome gasketi ya zamani

Usiitupe. Iweke mezani, ifute taratibu kwa kitambaa, uiangalie kwenye mwanga wa jua. Kama pete ya moto, ule ukingo unaozunguka silinda, imesukumwa nje au imepasuka sehemu moja, na pistoni au plagi za silinda hiyo zina vidoadoa vya alumini, basi ilikuwa noki. Hapo tatizo lako liko kwenye mafuta na taimingi, na gasketi mpya itakufa vilevile. Kama kuna njia nyeusi ya masizi kati ya silinda mbili lakini pete bado ni nzima, hedi ilikuwa inanyanyuka au uso una bonde hapo. Kama alama za kubanwa ni hafifu upande mmoja na nzito upande mwingine, ukazaji haukuwa sawa au hedi imepinda. Na kama alumini imeliwa kuzunguka matundu ya maji, kosa ni la maji.

Hili la maji linatuhusu sana sisi wa Mombasa. Visima vyetu vingi vina maji yenye chumvi, na si ajabu kuona kijana wa gereji akijaza rejeta kwa mtungi uliotoka kisimani. Chumvi hiyo inaila hedi ya alumini polepole, na inaanza palepale kwenye uso wa kuziba. Tumia kulanti yenye kinga ya kutu pamoja na maji yaliyosafishwa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuchomelea na kuskimu hedi, yaani kuukata uso wake upya mashineni.

Uso wa hedi na uso wa bloki

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, na hapa ndipo watu wengi wanapookoa pesa mahali pasipofaa.

Weka rula nyoofu ya fundi mashine juu ya hedi: urefu mbele na nyuma, upana sehemu kadhaa, halafu pembe kwa pembe pande zote mbili. Pitisha fila geji, kibamba chembamba cha kupimia pengo, cha milimita 0.05. Ikiingia popote, hedi inakwenda mashineni. Fanya vivyo hivyo kwa bloki. Bloki ya chuma huaminiwa bila kupimwa, na hilo ni kosa, kwa sababu bloki iliyowahi kuovahiti huzama kati ya silinda, mahali ambapo gasketi ni nyembamba zaidi.

Ukali wa uso nao unapimwa. Gasketi ya chuma ya tabaka nyingi, ile inayojulikana kama MLS, inataka uso wenye Ra, kipimo cha ukali wa uso, ya mikroinchi 50 au laini zaidi, yaani kama mikromita 1.27. Kwa injini ya mbio lenga Ra 30 kushuka. Mwulize fundi wa mashine kama anaweza kufikia hapo na kama ana kifaa cha kupimia. Ukipitisha ukucha juu ya uso uliokatwa vizuri, haukwami. Ukisikia mistari kama ya sahani ya santuri, uso huo ulikatwa kwa gasketi za zamani za karatasi ngumu na hauifai MLS.

Usikubali uso wa hedi au bloki kusafishwa kwa disi ya msasa iliyofungwa kwenye drili. Disi inachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na vumbi lake la msasa linaingia kwenye njia za oili na kwenda kula beringi. Msasa juu ya kioo una nafuu kidogo, lakini nao huwa unazikata kingo za hedi kuliko katikati. Mabaki ya gasketi yaondoe kwa kemikali ya kulainisha na kikwaruzo cha plastiki, kisha uache mashine ikate.

Kama hedi imepinda sana, usikubali kuskimu tu. Injini hizi zina kemshafti, ekseli inayofungua vali, juu ndani ya hedi, na hedi ikipinda, njia ya kemshafti imepinda nayo. Ukinyoosha uso wa chini peke yake, kemshafti itabana kwenye beringi zake. Hedi inanyooshwa kwanza, ndipo inaskimiwa.

Pima pia ugumu wa alumini, hasa kwa injini iliyoshuka bandari ya Kilindini kutoka Japani bila historia. Hedi iliyopikwa kwa joto kali hulainika. Utaikaza vizuri leo, kesho washa za stadi zimezama ndani ya alumini na nguvu ya kubana imepungua bila nati kuzunguka hata kidogo. Karakana yenye kipimo cha ugumu itakwambia haraka. Hedi laini haifai kwa mbio, hata ikiwa inang'aa kama mpya.

Kama silinda zinachongwa upya, sisitiza zimaliziwe zikiwa zimefungwa bamba la torki, lile bamba nene linalokazwa badala ya hedi. Stadi zinapobana, zinavuta bloki na silinda inapoteza uduara wake. Silinda iliyomaliziwa bila bamba ni duara mashineni na yai ndani ya gari. Wanaojaza bloki kwa saruji maalumu ili kuimarisha silinda za gari la drag peke yake, wajaze kabla ya kazi yoyote ya mashine, kwa sababu ujazo huo unaweza kuisogeza bloki.

Bloki ikitoka mashineni, ipake oili papo hapo. Kwa unyevu na chumvi ya hewa yetu, chuma kilichokatwa asubuhi kinaweza kuwa na kutu nyekundu kabla ya siku kwisha, na kutu hiyo ni ukali mpya juu ya uso uliolipia ulainishwe.

Stadi

Boliti za kiwandani nyingi ni za kuvutika, na zikishakazwa mara moja zimeshatoa sehemu ya uwezo wao. Kwa busti kubwa nunua stadi. Stadi inaingizwa kwenye bloki kwa mkono, kisha nati ndiyo inayokazwa, kwa hiyo chuma kinavutwa moja kwa moja bila kupindwa, na nyuzi za bloki hazisuguliwi kila ukifungua hedi.

Chuma kina daraja. ARP2000 ina nguvu ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 220,000 na inatosha magari mengi ya mitaani yanayokimbizwa wikendi. L19 inafika psi 260,000, lakini haivumilii unyevu. Ikipata maji, au hata jasho la vidole, inaweza kuingiwa na ufa usioonekana na kukatika bila onyo. Mtengenezaji wake mwenyewe anasema iwekwe na oili muda wote. Kwa mji unaozungukwa na bahari, mimi siipendekezi. Kama unahitaji nguvu hiyo, tafuta Custom Age 625+, ambayo ina psi 260,000 vilevile na haisumbuliwi na kutu. Njia nyingine ni kuongeza unene: kutoka milimita 11 kwenda nusu inchi, yaani milimita 12.7, chuma kinaongezeka kwa zaidi ya asilimia 30. Kazi hiyo ya kupanua matundu ifanyike mashineni, bloki ikiwa imefungwa imara, kamwe si kwa drili ya mkononi.

Safisha nyuzi za bloki kwa tepu ya kusafishia, wala si tepu ya kukatia, kwani ya kukatia inaondoa chuma na kulegeza mshiko. Puliza kila tundu kwa hewa mpaka liwe kavu kabisa. Maji au oili ikibaki chini ya tundu lisilotoboka, stadi itaisukuma kama pistoni ya jeki, na bloki inaweza kupasuka. Tundu linalotobokea kwenye njia ya maji linahitaji dawa ya kuzibia nyuzi.

Kuchagua gasketi

Kwa magari mengi tunayoyaona hapa, yenye injini za 4G63, EJ20, 1JZ, 2JZ au RB26, MLS nzuri ndiyo jibu. Ina tabaka za chuma cha springi zenye matuta madogo kuzunguka silinda, na matuta hayo yanafuata hedi inaposogea. Na hedi inasogea kweli: alumini yenye urefu wa milimita 500, ikipanda joto kwa digrii 60, inarefuka karibu milimita 0.7, na chuma cha bloki nusu yake tu. Gasketi inasuguliwa katikati kila siku.

Kipenyo cha gasketi kizidi cha silinda kidogo, kwa mfano milimita 87 kwa silinda ya 86, ili ukingo usichungulie ndani ya moto. Unene usiuchague kwa ajili ya kushusha mkandamizo. Ukiongeza milimita 0.5 kwenye 2JZ, uwiano wa mkandamizo wa 8.5 unashuka hadi 8.2 tu, lakini nafasi kati ya pistoni na hedi inapanuka na mchanganyiko wa hewa na mafuta unaharibika, jambo linaloweza kuleta noki uliyokuwa unaikimbia. Mkandamizo unashushwa kwa pistoni.

Usipake silikoni kwenye MLS. Inakuja na mpako wake, inataka uso mkavu usio na hata alama ya kidole.

Siku ya kufunga

Funga ndani, mahali pasipo na vumbi la barabara, na feni isikupulizie mchanga. Futa nyuso zote mbili kwa asetoni na kitambaa kisichotoa nyuzi, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Hakikisha pini za kuongozea zipo na hazijapinda. Ingiza stadi kwa mkono mpaka zikae, usizikaze kwa spana. Laza gasketi, hakikisha matundu ya oili na maji yanalingana, kisha mshuke na hedi wawili, wima, bila kuiburura. Mkwaruzo mmoja unatosha kuharibu kazi yote ya mashine.

Sasa grisi. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayoitia kwenye spana ya torki, ile yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, inaliwa na msuguano, chini ya nati na kwenye nyuzi, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta stadi. Kwa hiyo ukibadili kilainishi, umebadili kila kitu. Kipimo kilichoandikwa kwa grisi maalumu ya stadi ukikifuata kwa oili ya injini, utakuwa umebana pungufu kwa kiasi kikubwa, na spana italia "tik" kama kawaida. Kipimo cha oili ukikifuata kwa grisi, unaweza kuvuta stadi kupita kiasi. Tumia grisi iliyokuja na stadi na kipimo cha karatasi yake, si cha kitabu cha gari. Paka nyuzi za juu, chini ya nati, na uso wa juu wa washa. Washa yenye ukingo uliokatwa mshazari, ukingo huo unaelekea juu.

Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mpangilio wa kitabu cha injini, kwa awamu tatu zinazolingana. Kama mwisho ni 120 Nm, basi ni 40, 80, 120. Vuta spana polepole bila kusimama katikati ya mvuto, kwani nati iliyosimama inahitaji nguvu zaidi kuanza tena na itakudanganya. Spana yenyewe ipimwe kwenye karakana yenye kifaa, na baada ya kazi irudishwe chini kwenye kipimo chake cha mwanzo.

Kuwasha, kupasha, kupanga

Washa injini, iache ifike joto la kazi, kagua uvujaji, zima, iache ipoe usiku kucha. MLS kwa kawaida haihitaji kukazwa tena. Ukitaka kuhakikisha, fanya injini ikiwa baridi, nati moja moja kwa mpangilio uleule: legeza kidogo, kaza hadi kipimo, nenda inayofuata. Usilegeze zote kwa pamoja.

Usitie busti kamili injini ikiwa baridi. Hedi ya alumini inapopata joto inakua kuliko stadi za chuma, na kubana kunaongezeka. Kabla ya hapo akiba yako ni ndogo. Vijana wanaoshusha gari kwenye trela na kwenda moja kwa moja kwenye mstari wanainyanyua hedi kwa mikono yao.

Anza na busti ndogo na taimingi ya kurudi nyuma, panda hatua kwa hatua huku ukisoma sensa ya noki na plagi. Kumbuka hewa inayoingia kwenye turbo hapa tayari ina digrii 30 na kitu, kwa hiyo mpangilio uliotengenezwa kwenye baridi ya Nairobi usiuamini pwani bila kuupima upya. Ethanoli inasaidia sana dhidi ya noki, ila inataka mafuta mengi zaidi, hivyo pampu na injekta ziwe zimeongezwa kwanza. Tena inafyonza unyevu wa hewa, basi usiiache siku nyingi kwenye tangi au kwenye mtungi ulio wazi. Na majaribio ya kasi yafanyike kwenye mbio zilizoruhusiwa, si kwenye barabara ya Mtwapa usiku.

Kujua hedi inanyanyuka kabla haijaharibika

Funga sensa ya shinikizo kwenye njia ya maji na uirekodi pamoja na busti. Maji yanapopata joto, shinikizo hupanda polepole. Ukiona linaruka ghafla busti inapofika juu na kushuka unapoachia, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Bila sensa, angalia chupa ya akiba: imejaa baada ya mbio moja ilhali joto halikupanda? Paipu ya juu ya rejeta imekuwa ngumu ndani ya sekunde chache tangu kuwasha injini baridi? Pima uvujaji wa kila silinda kwa hewa, pistoni ikiwa juu, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Mapovu yakitoka kwenye rejeta, simamisha gari. Kuna pia dawa ya buluu inayogeuka manjano ikikutana na gesi ya mwako juu ya rejeta, rahisi na ya kuaminika.

Ukigundua mapema, mara nyingi uso bado ni mzima, na unachohitaji ni stadi nene na gasketi mpya. Ukiendelea kukimbia, moto unachonga mfereji kwenye alumini, na sasa unatafuta mchomeleaji.

Shaba na pete za waya

Wengi wanauliza haya kwanza. Mimi nimeyaweka mwisho makusudi. Uso ukiwa sawa, stadi za kutosha na noki imedhibitiwa, MLS inabeba nguvu kubwa kuliko wengi wetu tunazotafuta. Gasketi ya shaba ni kwa gari la drag tupu, linalofunguliwa mara kwa mara. Bloki au hedi inachongwa mfereji kuzunguka kila silinda, unaingizwa waya wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 1.04, unaochomoza kama robo ya unene wa shaba: kwa shaba ya milimita 1.1 ni kama 0.27. Wengine wanachonga mfereji wa kupokea upande wa pili ili shaba ijikunje ndani yake, na mshiko unakuwa imara zaidi.

Shaba hubana moto vizuri lakini haizibi maji vizuri, kwa hiyo matundu ya maji na oili yanapakwa dawa ya kuzibia, na hedi inakazwa tena baada ya joto la kwanza. Ukitaka kuitumia shaba tena, ipashe mpaka iwe nyekundu hafifu kisha uipoze, ili irudie ulaini wake. Kama gari lako bado linakwenda kazini Jumatatu na kupanga foleni ya feri ya Likoni kwenye jua, achana na shaba. Weka pesa hizo kwenye mashine ya uso na stadi za nusu inchi.